Kompyuta ya mizani ina Ubuntu 18.04, Node mpya imegoma

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika programu ya kupokea kahawa ya wakulima kwenye chama cha msingi huku Kibosho. Kompyuta iliyounganishwa na mizani ni ya zamani, ina Ubuntu 18.04. Nimeweka Node.js 20 (kiendeshi cha programu za JavaScript), ikanijibu hivi:

`node: /lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6: version 'GLIBC_2.28' not found (required by node)`

VS Code, kihariri changu cha msimbo, nayo imekataa kuingia kwenye mashine hiyo kutoka kwenye laptopu yangu. Kupandisha Ubuntu siwezi. Kadi ya mizani ina draiva iliyotengenezwa na fundi ambaye hapatikani tena, na inakubali kerneli (kiini cha Linux) ya 4.15 tu. Rafiki yangu ameniambia nichukue libc6, kifurushi cha maktaba ya msingi ya mfumo, ya Ubuntu 22.04 niisakinishe kwa nguvu. Faili ninayo tayari kwenye flashi. Niendelee? Msimu umekaribia. (Msomaji, Moshi)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiendelee. Na hiyo faili ifute kwenye flashi leo hii, usiiache inasubiri. Najua inavyokuwa: saa tano usiku programu haiwaki, kesho viongozi wa chama wanataka kuona kazi, na dawa ya haraka iko mfukoni. Hapo mkono unakuwa mwepesi kuliko akili.

Wangu uliwahi kuwa mwepesi. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa naangalia seva ya ofisi moja hapa Arusha, ikanipa malalamiko ya GLIBC kama hayo yako. Nikachukua `libc.so.6` kutoka kwenye mashine mpya, nikaimwaga juu ya ile ya zamani. Nikabonyeza Enter. Kimya. Nikaandika `ls`, ikarudi `relocation error`. `cp`, vilevile. `sudo`, vilevile. Zilizoitikia ni `cd` na `echo` tu, kwa kuwa hizo zimo ndani ya bash yenyewe, na bash ilikuwa imeshapakiwa kwenye kumbukumbu kabla sijaharibu. Yaani nilikuwa ndani ya nyumba niliyoikata nguzo mwenyewe, natembea sebuleni kwa sababu tu paa lilikuwa halijapata habari. Halafu umeme ukakatika. Uliporudi, mashine ikafika kwenye `Attempted to kill init!` ikaganda hapo hapo. Nilikuja kuifufua kwa kuiwasha na flashi ya Ubuntu na kurudisha faili moja moja. Adhana ya alfajiri ilinikuta sakafuni katikati ya nyaya.

Kilichonipata kina sababu yake, na ukiielewa utajua mwenyewe kwa nini dawa ya rafiki yako ni sumu.

Karibu kila programu kwenye Linux ya kawaida, kuanzia `ls` hadi kivinjari, haifungui faili wala haiombi kumbukumbu yenyewe. Inaiomba glibc, ile maktaba ya msingi iliyomo kwenye libc6, na glibc ndiyo inayozungumza na kerneli. Kila kazi ndani ya glibc ina jina, na kila jina limepigwa muhuri wa toleo. Programu inapokompailiwa, yaani msimbo wake unapogeuzwa kuwa lugha ya mashine, inaandikiwa ndani yake: nahitaji jina hili lenye muhuri huu. Ikifika kwenye mashine, kuna mpakiaji anaitwa `ld-linux-x86-64.so.2` anayepitia orodha yote kabla programu haijatamka neno. Muhuri mmoja ukikosekana, safari imeishia mlangoni. Ndiyo maana Node yako haikufika hata kwenye mstari wa kwanza wa msimbo wako.

Sasa, huyo mpakiaji na `libc.so.6` ni mapacha. Kuna majina ya siri wanayopeana wao wawili tu, yenye muhuri `GLIBC_PRIVATE`, na hayo hubadilika kutoka toleo hadi toleo bila kumtaarifu mtu. Ukileta pacha mmoja wa mwaka huu ukamwacha mwenzake wa zamani, hawaelewani, na kila programu inayowategemea inaanguka pamoja nao. Hilo ndilo lililonikuta. Kusakinisha kifurushi chote cha libc6 kwa nguvu kunaleta mapacha wote wawili, ndiyo, lakini kunavunja ahadi ambazo vifurushi vingine vimewekeana, na kuanzia siku hiyo `apt` haitakusakinishia hata kihariri bila kulalamika. Na mashine hii ndiyo inayopima kahawa za watu.

Angalia na tarehe, maana zinauma kidogo. Glibc 2.27 ilitoka Februari 2018. Ubuntu 18.04 ikatoka Aprili 2018 ikiwa imeibeba. Glibc 2.28 ikatoka Agosti mwaka huo huo. Umeikosa kwa miezi mitatu na siku chache. Debian 10 na Red Hat Enterprise Linux 8, zilizotoka 2019, ziliiwahi. Watengenezaji wa Node walipohamishia kiwanda chao kwenye Red Hat 8, kila faili rasmi ya Linux kuanzia Node.js 18 ya Aprili 2022 ikaanza kudai 2.28. VS Code ikapita njia hiyo hiyo mwanzoni mwa 2024 ilipotoa toleo 1.86. Watu wenye seva za zamani duniani kote wakajikuta nje usiku mmoja, kelele zikapigwa, wakalegeza kwa muda, na mwaka 2025 kuanzia toleo 1.99 wakafunga mlango. Kwa hiyo matatizo yako mawili ni tatizo moja.

Na ukitaka kucheka, endesha hii kwenye laptopu yako, ndani ya folda uliyofungulia Node:

`objdump -T bin/node | grep GLIBC_2.28`

Kwa programu nyingi jina litakaloonekana hapo ni `fcntl64`. Si kazi ya ajabu iliyozaliwa jana. Kwenye mashine ya biti 64, `fcntl64` ni `fcntl` ile ile ya siku zote iliyopewa jina la pili katika 2.28. Programu iliyokompailiwa kwenye mashine mpya inaandika jina jipya lenye muhuri mpya hata kama kazi ni ile ile, na mashine yako ya zamani inahukumiwa kwa jina. Kinyume chake hakina shida: kilichokompailiwa kwenye glibc ya zamani kinafanya kazi kwenye mpya, kwa sababu glibc hutunza mihuri yote ya nyuma. Wazoefu wanaosambaza programu hujengea kwenye mfumo mkongwe kuliko yote wanayoihudumia kwa sababu hiyo hiyo.

Basi tufanyeje? Uko Kibosho, hili utalielewa haraka kuliko sisi wa mjini. Mzee ana nyumba yake kwenye kihamba. Kijana akitaka nyumba ya kisasa, hachimbui msingi wa mzee huku mzee amelala ndani. Anajenga yake pembeni, chini ya migomba ile ile, ina msingi wake na paa lake, na nyumba zote mbili zinachota maji kwenye mfongo mmoja, yaani mfereji mmoja. Kontena la Docker ndiyo hiyo nyumba ya kijana. Ndani yake ina glibc yake, maktaba zake, Node yake. Mfongo ni kerneli, na hiyo ni moja, ya mwenye kihamba. Mashine pepe, zile za VirtualBox, ni kijana aliyeamua kununua kiwanja Njiro, huku Arusha, na kuchimba kisima chake: anaishi vizuri, ila hasikii tena kinachopita kwenye mfongo wa kwao.

Kwako tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Draiva ya mizani inaishi kwenye kerneli. Kontena linatumia kerneli hiyo hiyo ya 4.15, kwa hiyo kadi inabaki inaonekana kama kawaida, na yule fundi aliyepotea haitajiki. Glibc 2.36 iliyomo kwenye Debian 12 (bookworm), tutakayoiweka ndani ya kontena, inakubali kerneli yoyote kuanzia 3.2, kwa hiyo 4.15 haitaitisha.

Kabla ya kushangilia, andika `docker --version` kwenye hiyo mashine. Kama Docker iliwekwa 2018 au 2019 ikasahaulika, kuna mtego. Glibc kuanzia 2.34 inapotaka kuanzisha uzi (thread) mpya ndani ya programu huiomba kerneli kwa mwito unaoitwa `clone3`. Kerneli isiyoujua inatakiwa kujibu "siujui", na glibc ingerudi kwenye mwito wa zamani kwa adabu. Lakini Docker za zamani zilikuwa na mlinzi mlangoni ambaye kila asichokijua alikijibu "hairuhusiwi". Glibc ikiambiwa hairuhusiwi haijaribu tena, inakata tamaa. Unaona `Operation not permitted` mahali pasipoeleweka, na unaweza kupoteza siku mbili ukihangaika na ruhusa za faili ambazo hazina kosa. Docker 20.10.10 ndiyo iliyorekebisha. Ya kwenye hazina ya Ubuntu 18.04 yenyewe ilishafikishwa kwenye toleo la juu ya hapo, kwa hiyo `sudo apt update && sudo apt install docker.io` inatosha. Tafadhali usifuate ushauri wa kuweka `--security-opt seccomp=unconfined` ili "ipite". Huko ni kumfukuza mlinzi kwa sababu hajasoma gazeti la leo.

Kazi ya kujenga usiifanye huko juu. Ifanye mjini Moshi, kwenye laptopu yako, mahali penye mtandao usiokula bando lako. Faili ya maelekezo, ile inayoitwa `Dockerfile`, iwe fupi:

```
FROM node:20-bookworm
WORKDIR /programu
COPY package*.json ./
RUN npm ci --omit=dev
COPY . .
USER node
CMD ["node", "pokea.js"]
```

Kwenye `.dockerignore` andika `node_modules`. Usipofanya hivyo utabeba moduli zilizokompailiwa kwa ajili ya laptopu yako ukaziingiza kwenye nyumba nyingine, na malalamiko ya mihuri yatarudi kwa sura mpya. Nahisi unatumia moduli ya `serialport` kuzungumza na mizani. Hiyo ina sehemu ya C++ ndani, na moduli za namna hiyo ndizo zinazosumbua kuliko zote kwenye mifumo ya zamani, kwa sababu Node ikipita salama, moduli inaweza kugoma kwa muhuri wake yenyewe. Ndani ya kontena zote mbili zinakuta glibc ile ile na hadithi imeisha. Watu watakushauri utumie imeji (kifurushi ambacho kontena linaanzia) ya Alpine kwa kuwa ni ndogo. Kwa kazi hii iache. Alpine haina glibc kabisa, ina musl, maktaba nyingine ya kazi hiyo hiyo, na utakuwa umebadilisha ugomvi mmoja kwa mwingine. Ukitaka kupunguza uzito, jengea kwenye `node:20-bookworm` na uendeshee kwenye `node:20-bookworm-slim`. Ile ya kwanza ikifunguliwa inapita GB 1, ya pili ni kama MB 200.

Ukimaliza, jenga imeji kwa `docker build -t kahawa:1 .`, kisha ifunge na kuiweka kwenye flashi:

`docker save kahawa:1 | gzip > kahawa-1.tar.gz`

Hiyo ndiyo faili inayostahili nafasi uliyompa libc6. Ukifika kwenye chama, `docker load < kahawa-1.tar.gz`, bila intaneti hata kidogo. Kisha:

`docker run -d --name kahawa --restart unless-stopped --device /dev/ttyS4 --group-add dialout -v /srv/kahawa:/data -e TZ=Africa/Dar_es_Salaam -p 8080:8080 kahawa:1`

Ni mstari mrefu, na karibu kila neno lake nimelilipia. `--device` ndiyo inayompa kontena mlango wa kadi. Badilisha `ttyS4` uweke jina lako halisi. `--group-add dialout` ni kwa sababu mle ndani tumekataa kuendesha kama root, yule mtumiaji mwenye ruhusa zote, na bila kundi hilo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kugusa mlango wa mizani. `-v` ndiyo uhai wa kumbukumbu zenu. Kilichoandikwa ndani ya kontena kinakufa siku utakapolifuta ili uweke toleo la 2, kwa hiyo hifadhidata lazima iandikiwe `/data`, ambayo kwa nje ni `/srv/kahawa`. Folda hiyo itengeneze mapema na umpe umiliki mtumiaji namba 1000, `sudo chown 1000 /srv/kahawa`, maana ndiyo namba ya `node` mle ndani.

Na `TZ`. Kontena linaamka likiwa kwenye saa za dunia, nyuma yetu kwa masaa matatu. Mama amebeba gunia kutoka juu, amepima saa saba mchana, risiti inatoka imeandikwa 10:00, saa nne asubuhi. Siku ya kwanza watacheka. Siku ya malipo, daftari la mpimaji lisipolingana na risiti, hakuna atakayecheka.

Kwa kuwa tumeitaja mizani: mizani nyingi za namna hiyo hutuma mstari kama `ST,GS,+ 62.5kg` mara kadhaa kwa sekunde. Herufi mbili za mwanzo si mapambo. `ST` maana yake mzigo umetulia, `US` bado unayumba. `GS` ni uzito pamoja na chombo, `NT` ni mzigo peke yake. Soma kijitabu cha mizani yenu uthibitishe, kisha programu isikubali kubonyezwa "hifadhi" mpaka ione `ST`. Nimeona programu zinazochukua mstari wowote unaopita, na gunia linalobembea linaweza kumnyima mkulima kilo au kumzawadia.

Ipo njia nyepesi zaidi ya kontena, na ingekuwa dhambi kukuficha. Jamii ya Node ina tovuti ya `unofficial-builds.nodejs.org`, ambako wanakompaili Node zile zile kwa ajili ya mifumo ya zamani. Tafuta faili yenye `linux-x64-glibc-217` kwenye jina. Hiyo inadai glibc 2.17 tu, ile iliyokuwa kwenye CentOS 7, kwa hiyo 2.27 yako inapita kifua mbele. Unaifungua kwenye `/opt`, unaelekeza `PATH`, dakika kumi umemaliza. Kwa programu isiyo na sehemu ya C++ ningekuambia uchukue hiyo na uende kulala. Lakini kama jina linavyosema, hazipimwi kwa kiwango cha zile rasmi, na moduli zako bado zitadai mihuri yao. Kwa mashine inayoshika mizani ya msimu mzima, naenda na kontena.

Utakutana pia na ushauri wa kuweka glibc mpya kwenye folda ya pembeni na kuielekeza kwa `LD_LIBRARY_PATH`. Unavutia kwa sababu haugusi mfumo. Ila kumbuka mapacha: umebadilisha libc, mpakiaji amebaki wa zamani, na programu inaanguka papo hapo. Pia kila programu ndogo utakayoiita kutoka kwenye hiyo terminali inarithi kirusi hicho. Wapo wanaoufanya vizuri kwa kumwita mpakiaji mpya mwenyewe, au kwa `patchelf`, na wanajua wanachofanya. Sisi wengine tuna kazi za kumaliza.

Kuhusu kukompaili Node mwenyewe juu ya mashine ile: Node 20 inataka gcc 10 na kuendelea, Ubuntu 18.04 ina gcc 7. Kwa hiyo kwanza utafute gcc, halafu kompyuta ya zamani ichemke masaa mengi, umeme ukikatika katikati ujue habari yako. Hapana.

VS Code, kwa kifupi: acha kuhariri msimbo ndani ya mashine ya mizani. Hilo lilikuwa kosa hata kabla 1.86 haijatoka. Hariri kwenye laptopu, hifadhi kwa git, jenga imeji, panda nayo. Ukihitaji kuchungulia kitu huko, `ssh` ya kawaida na `nano` vinatosha. Kwa kujaribu bila mizani, andika kiprogramu kinachotuma mistari ya uongo ya `ST,GS`, na `socat` ikutengenezee mlango bandia. Ukifanya hivyo utafanya kazi ukiwa umekaa nyumbani, si umechuchumaa kwenye ghala la kahawa.

Hukuuliza Python, ila najua kesho utauliza. 18.04 ina Python 3.6, ambayo matengenezo yake yaliisha Desemba 2021. Usiielekeze `/usr/bin/python3` kwingine. Zana za Ubuntu zenyewe zinaitegemea hiyo 3.6. Kijana mmoja wa Ngarenaro aliniletea kompyuta ambayo terminali ilikuwa haifunguki tena, na alichofanya ni hicho tu. Chukua `uv`, kiprogramu kinachopakua Python zilizojengwa kwa glibc 2.17 na kuzikalisha kwenye folda yako bila kuomba ruhusa ya mfumo.

Sasa jambo linalonitia wasiwasi kuliko Node: hiyo draiva. Andika `lsmod`, tafuta jina lake, kisha `modinfo` na jina hilo. Mstari wa `filename` utakuonyesha faili ya `.ko` ilipo, na mstari wa `vermagic` utakuonyesha kerneli iliyojengewa, kwa ukamilifu, kama `4.15.0-` na namba zinazofuata. Unaposema "inakubali 4.15", ukweli wake ni mwembamba zaidi: moduli iliyojengwa kwa 4.15.0 ya namba moja inaweza kukataliwa na 4.15.0 ya namba nyingine. Sasisho moja la kawaida la usalama likileta kerneli mpya ya familia hiyo hiyo, asubuhi yake mizani iko kimya na hakuna aliyegusa kitu. Kwa hiyo zuia leo:

`sudo apt-mark hold linux-generic linux-image-generic linux-headers-generic`

Nakili hiyo `.ko` mahali pawili tofauti. Tafuta kama yule fundi aliacha msimbo wake. Angalia `/usr/src` na folda ya nyumbani ya mtumiaji wa kwanza wa mashine, mafundi wana tabia ya kusahau vitu huko. Ukiupata, umepata ufunguo wa kupanda hadi 20.04 na 22.04 siku moja, hatua kwa hatua, maana Ubuntu hairuki kutoka toleo moja la muda mrefu hadi la tatu. Halafu kabla hujaweka chochote cha kwangu, piga nakala ya diski nzima kwa Clonezilla. Diski ya umri huo ikifa, hakuna kontena litakalokusaidia.

Masasisho ya bure ya 18.04 yalikoma 31 Mei 2023. Ubuntu Pro inayaendeleza hadi Aprili 2028, bila malipo hadi mashine 5. Jiandikishe na uunganishe kwa `sudo pro attach`, kerneli ikiwa imeshazuiwa. Zaidi ya hapo, mashine hiyo isiwe na njia ya intaneti muda wote. Iunganishe unapoisasisha, kisha chomoa waya.

Msimu ukiisha na chama kikibakiwa na kitu, waombe kompyuta nyingine ya mtumba yenye Ubuntu mpya. Hapo ile ya zamani unaivua kazi zote, unaiachia moja tu: `ser2net`, kiprogramu kidogo kinachosoma mlango wa mizani na kuusambaza kwenye mtandao wa ndani. Programu yako inahamia kwenye mashine mpya, na badala ya kufungua `/dev/ttyS4` inafungua anwani na namba ya mlango. Msimbo unaobadilika ni mistari michache, na toka hapo utasakinisha Node yoyote unayotaka bila kumuuliza mtu. Kwa kweli ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Sikuianza nayo kwa sababu inahitaji fedha na kikao, na wewe una wiki chache.

Siku ya kuipandisha Kibosho, nenda mapema, wakati hakuna foleni. Ikishawaka na uzito ukaonekana, chomoa waya wa umeme wa kompyuta ukutani, makusudi, mbele ya katibu. Ichomeke, iwashe, kaa mbali na kibodi. Kontena lirudi lenyewe na uzito uonekane bila wewe kuandika kitu. Lisiporudi, jaribu `sudo systemctl enable docker`, kisha chomoa tena.

Ukikwama kwenye `--device`, niandikie na uambatishe majibu ya `ls -l /dev/ttyS*` na `dmesg | grep tty`. Maandishi, tafadhali, usinitumie picha ya skrini iliyopigwa kwa simu kutoka pembeni.